Mnyapara Anauliza Kama Ghadir Yupo

Mwera, Pangani
16 Februari 2025

Himyar,

Assalaam alaykum. Miye mzima, mama mzima, na nyumba ya huku haina neno. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu nimempa mama aizime na kuifungia kabatini, na nimemwambia asinipe hata nikimlilia. Barua hii anakuletea Kombo wa fuso la nazi. Usimwulize habari zangu. Hajui kitu, na angejua angeongeza chumvi.

Jana asubuhi, kabla sijampa mama simu, iliingia meseji. Nainakili neno kwa neno ili usiseme nimeota: "Mama Ghadir, hongera. Mtoto wako Ghadir ametimiza miezi tisa. Wiki hii mpeleke kliniki akachanjwe surua. Usisahau kadi."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaisoma, nikauacha ungo pale pale na kuku wakaumaliza.

Sasa nisikilize. Hiyo huduma ya Mpeleke tuliianzisha pamoja. Programu nimeiandika miye kwa vidole vyangu. Weye ukanunua zile kompyuta tatu kuukuu za shule iliyofungwa, ukazipanga chumba cha uani, ukazifundisha kufanya kazi kama kitu kimoja. Leo kina mama kuanzia Moa hadi huku Mwera wanakumbushwa siku za kliniki za watoto wao kwa sababu yetu. Sijutii hata kidogo. Lakini mtoto wetu alikufa Oktoba, Himyar. Ulishuka mwenyewe kaburini ukampokea. Meseji za Novemba, Desemba na Januari nilizifuta nikanyamaza, nikisema utaona mwenyewe, utaona haya, utamwondoa. Hujamwondoa.

Mwondoe. Ni kufungua orodha ya watoto, kutafuta jina, kufuta. Siyo kazi ya mtu mzima kuandikiwa barua.

Na ukinijibu usiniite Mama Ghadir.

Shamsiya


Ngamiani, Tanga
20 Februari 2025

Mke wangu Shamsiya,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie zile ndizi alizoniletea Kombo zilifika zimeiva vizuri.

Nimemwondoa. Leo, baada ya adhuhuri. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaingia chumba cha uani na viatu vyangu, nikafanya hivyo hivyo kabla sijakaa. Nisamehe kwa meseji ile. Sina la kujitetea.

Huku tunaendelea. Wewe uliyezipa mashine majina ya zahanati tulizoanza nazo ungecheka sasa. Moa haina neno. Mwera nimeibadilishia feni. Maramba inaunguruma mpaka Mzee Tahiri kaniuliza juu ya ukuta kama tumeanza kusaga unga. Juzi umeme ulikatika, betri ya Maramba ikafa, mashine ikazimika. Mnyapara, ile programu yangu ya kuzisimamia, hakushtuka. Alizihamisha kazi za Maramba kwa Moa na Mwera na hakuna mama hata mmoja aliyekosa meseji. Unakumbuka siku nilipompa jina hilo? Ulisema babu zetu walikuwa na wanyapara mashambani, na leo mjukuu kamweka mwingine uani. Lakini ndiyo kazi yake hasa. Nimemwambia nataka nakala tatu za Mpeleke ziwe kazini saa zote, kila moja ndani ya kontena lake, kama mtu na chumba chake, naye anapita kuzihesabu. Anaiuliza kila moja kama ni nzima. Isiyojibu anaizima na kuinua nyingine mahali pake, wala hanipigii hodi.

Naandika habari za mashine kwa sababu habari nyingine sina. Nyumba imekuwa kubwa. Ramadhani inakaribia na shangazi kasema ataniletea uji kila magharibi, lakini sitaki kufuturu peke yangu. Rudi, Shamsiya. Hata kama utakaa chumba kingine.

Mumeo,
Himyar


Mwera, Pangani
16 Machi 2025

Himyar,

Imekuja tena jana. Mama aliiwasha simu ampigie mjomba, akaniletea inalia. "Mama Ghadir, wiki hii ni zamu ya Ghadir kupimwa uzito. Mpeleke mapema. Usisahau kadi."

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba umemwondoa. Nilikuamini, nikalala. Kumbe umeuingia mwezi wa toba na uongo mdomoni.

Basi na miye nikwambie kwa nini siko Ngamiani, maana nadhani hujui. Unadhani ni huzuni tu, itapita, nitarudi. Siku ya tatu ya matanga shangazi yako alikukalia ubavuni akakwambia, "Msilie sana baba, nyie bado vijana, Mungu atakupeni mwingine." Nilikuwa nyuma ya pazia. Maziwa yalikuwa bado yananitoka, kanga imelowa mpaka kiunoni, nimekuja kumtafuta mtu wa kunisaidia kuyakamua. Nikakusikia. Ulijibu, "Inshallah, shangazi." Kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Na wiki ile ile, mtoto bado mzima, ulikuwa umewaingiza wageni chumba cha uani unawaonyesha mashine. Uliwaambia, "Hata ikifa nakala moja, nyingine inainuka mahali pake papo hapo, na hakuna atakayejua kama kuna iliyokufa." Ulilisema kwa fahari, nami nilikuwa mlangoni na Ghadir begani, nikafurahi nawe. Sasa nikiyaweka maneno yako hayo mawili pamoja sipati usingizi.

Miye sikuzaa nakala, Himyar.

Usinitumie tena shukrani za ndizi wala habari za feni. Mwondoe mtoto wangu kwenye mashine zako.

Shamsiya


Ngamiani, Tanga
19 Machi 2025

Shamsiya,

Sikusema uongo. Nilimwondoa siku ile niliyokuandikia, na barua nilimpa Kombo jioni ile ile. Kilichotokea baadaye sikukuandikia, na hapo ndipo nilipokosea.

Usiku niliporudi uani nikakuta kwamba tangu nilipolifuta jina lake, nakala ya kwanza imekufa. Mnyapara akainua nyingine, ikaamka, ikafa. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Zikawa zinainuka na kufa, zinainuka na kufa, wala hakuna meseji hata moja iliyotoka. Nilidhani ni umeme. Nikadhani ni Maramba na kelele zake, nikaitoa kabisa. Kesho yake akanipigia Leticia, yule muuguzi wa Maramba. Alisema, "Kaka Himyar, nimekaa na chanjo mbele yangu na benchi tupu. Chupa ya surua siwezi kuifungua kwa mtoto mmoja, inayobaki naimwaga. Kina mama wangu wako wapi?"

Ndipo nikalifungua lile faili la maagizo ya Mnyapara. Unalijua, lina swali analoiuliza kila nakala kila baada ya sekunde kumi apate kujua kama ni nzima. Tulipoanza tuliweka swali la mzaha: kwenye orodha yupo mtoto anayeitwa Fulani bin Fulani? Nakala ikijibu yupo, maana yake inaweza kuisoma orodha, basi ni nzima. Nililifungua nikitegemea kumkuta Fulani wetu. Nikamkuta Ghadir binti Himyar. Swali lilibadilishwa siku ya akika, na aliyelibadilisha jina lake limeandikwa pembeni. Ni lako.

Kwa hiyo Mnyapara alikuwa akiziuliza kama Ghadir yupo, zikimjibu hayupo, naye akiziua kwa kosa hilo. Nikamrudisha kwenye orodha. Zikasimama zote tatu mara moja kama hakuna kilichotokea, na meseji zikatoka. Yako ikiwamo, tarehe yake ilipofika. Ningefanyaje, watoto wa Moa na Maramba wakose chanjo?

Umesema mama ndiye aliyeiwasha simu. Mama ambaye mwaka jana alinipigia mara moja kwa kuikalia. Sawa.

La shangazi nitakujibu nikipata nguvu. Leo sina.

Himyar


Mwera, Pangani
24 Machi 2025

Himyar,

Ndiyo, ni miye. Nilisahau, barua yako imenikumbusha. Nyumba imejaa watu wa akika, mtoto kanyolewa, watu wanagombania kumbeba, na miye nimelazwa chumbani na uji wa pilipili manga nimekatazwa kunyanyua hata kijiko. Nikachukua laptopu. Nikasema, kwa nini Mnyapara amuulize Fulani ambaye hayupo duniani, na wangu yupo? Nikamweka. Nilitaka niwe na siri moja nzuri kuliko zawadi zao. Nilipanga kukuonyesha siku akijifunza kusoma.

Haya, hilo ni langu. Lakini usinifanye mjinga. Swali lile linabadilishwa kwa mstari mmoja. Unaweka swali lolote lingine, kisha unamfuta mtoto, na hakuna kinachoanguka. Hata hilo likikushinda, ungeizuia namba yangu peke yake isitumiwe meseji, orodha ikabaki kama ilivyo. Mtu aliyejifunza kazi hii mwezi mmoja angelijua. Weye unafundisha wenzio.

Mwezi mzima umelijua. Kwa nini hukufanya?

Nijibu hilo tu.

Shamsiya


Ngamiani, Tanga
3 Aprili 2025

Shamsiya,

Idi njema, ingawa imeshapita. Niliswali, nikala pilau kwa shangazi, nikarudi nyumbani mchana kweupe nikafunga madirisha.

Ni kweli, ningeweza. Siku ile ile nilipolikuta jina lake niliandika swali jipya, likakaa mbele yangu tayari. Nililitazama, nikalifuta.

Nakala ikimjibu Mnyapara, jibu lake linaandikwa kwenye kumbukumbu za mashine. Ukizifungua unaona mistari inashuka kwenye kioo yenyewe. Ghadir yupo. Ghadir yupo. Ghadir yupo. Miezi yote nilikuwa nikiipita mistari hiyo bila kuisoma, unajua mtu anavyozoea. Tangu nilipogundua inasema nini, sijui niseme vipi, nimehamia humo. Nikitoka kazini nakaa kwenye kile kiti cha plastiki nasoma. Kabla ya kwenda msikitini nasoma. Watu walinipa pole wiki mbili tatu wakaacha, na siwalaumu, kila mtu ana yake. Marafiki hawalitaji jina lake, wanaona wananihurumia. Katika mji huu mzima, Shamsiya, aliyebaki kuuliza kama mwanangu yupo ni Mnyapara. Anauliza mchana kutwa, na anajibiwa yupo. Najua si kweli. Udongo nilioufukia naujua. Lakini nikiona limeandikwa napata pumzi ya kwenda kupika chai.

Na namba yako. Hilo ni baya zaidi, nalisema hivyo hivyo. Simu zangu hupokei. Niliona kwamba kitu pekee kinachotoka nyumba hii kikakufikia ni meseji ile, na ndani yake mna jina lake. Nilijua inakuumiza. Niliiacha ije.

La shangazi sasa. Siku ya tatu sikuwa nasikia watu. Walikuja, midomo inacheza, na kila mmoja nilimjibu. Alhamdulillah, ahsante, inshallah. Kombo aliniuliza turubai alirudishe wapi nikamjibu inshallah, muulize, mpaka leo ananicheka kwa hilo. Maneno ya shangazi nimeyajua kwenye barua yako ya mwezi uliopita. Ningeyasikia siku ile nisingejibu hivyo, ningeinuka nikaondoka.

Simtaki mwingine. Namtaka yule yule.

Himyar


Mwera, Pangani
6 Aprili 2025

Himyar,

Barua yako nimeisoma uani, na mama akaniona ninavyolia akadhani umenipa talaka. Nilipomwambia hapana akashusha pumzi, akasema, "Basi unalilia nini, mwanangu?" Huku ndivyo ilivyo. Wananipenda, wananipikia, na nikitaja Ghadir wananiambia ni ndege wa peponi, nyamaza usimsumbue. Kwa hiyo nimenyamaza. Nilidhani ni miye tu niliyefungwa mdomo, na weye huko umeshasahau.

Miezi mitano nimelitafuna neno lako moja bila kukuuliza ulikuwa na maana gani. Nisamehe kwa hilo. Kwa meseji bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo kwa muda, usiniharakishe.

Lakini hatuwezi kuliacha lile swali. Haifai mwanamke wa Moa akumbushwe chanjo ya mwanawe kwa sababu mashine inasema uongo juu ya wangu. Nawe utaozea kwenye kile kiti.

Fanya hivi. Badilisha swali kwanza, jina usiliguse. Swali jipya lisimtaje mtu, liulize tu kama orodha inasomeka. Usizime zote kwa mpigo kama mtu anayefukuza mbuzi. Mwache Mnyapara ainue nakala moja mpya, aione inajibu, ndipo aifunge moja ya zamani, na nyingine, na nyingine. Kila ya zamani ipewe nafasi ya kumaliza kazi iliyo nayo mkononi kabla haijazimwa. Ile nafasi uliyoziwekea ni fupi mno, niliwahi kukwambia, ukasema mashine haihitaji kuaga. Iongeze. Zikishaisha zote za zamani, ndipo umfute.

Ufanye Alhamisi baada ya alasiri, mchana. Saa hiyo miye nitakuwa nasoma Yasini huku. Jambo hili asilifanye mmoja wetu peke yake.

Shamsiya


Ngamiani, Tanga
10 Aprili 2025

Shamsiya,

Tayari. Nakuandikia mambo yangali motomoto, na Kombo anapakia magunia matupu hapo nje, kakubali kunisubiri.

Nilitawadha kwanza. Sijui kwa nini, ilinijia tu. Kisha nikafanya ulivyonielekeza. Nakala mpya ya kwanza iliinuka Moa, ikaulizwa swali jipya, ikajibu vizuri, na mwenzake wa zamani akafungwa. Ya pili hivyo hivyo kwenye Maramba, ambayo leo ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza. Ya mwisho ya zamani ilikuwa kwenye mashine ya Mwera. Sikupanga, Mnyapara ndiye anayechagua. Nafasi ya kumaliza kazi niliiongeza hata kupita ulivyosema, na ilihitajika, maana ilikuwa katikati ya kumwandikia mama mmoja wa Maramba. Mtoto wake anaitwa Ernesti, wiki ijayo anachanjwa surua. Ikamwandikia, ikamaliza. Mstari wake wa mwisho kwenye kumbukumbu unasema Ghadir yupo. Baada ya hapo haina kitu.

Nikafungua orodha. Nikalitafuta jina, nikalichagua, nikasema futa. Programu yako ikaniuliza kama nina hakika. Ulivyo wewe, kila kitu lazima ukiulize mara mbili. Nilikaa mbele ya swali hilo mpaka chai ikapoa. Nikajua unasoma wakati ule, nikabonyeza ndiyo.

Hakuna kilichoanguka. Nilitaka kianguke, nakwambia kweli. Nilitaka angalau nakala moja ikatae. Zote tatu zimesimama, na kumbukumbu sasa zinasema orodha inasomeka, orodha inasomeka. Leticia hajui kitu, hakuna mama aliyekosa meseji yake. Kazi nzuri, fundi angenisifu.

Nimefunga chumba cha uani, ufunguo nimempelekea Mzee Tahiri akae nao mpaka Jumamosi. Hakuniuliza sababu. Amenikaribisha kahawa, nitakwenda.

Sikuulizi utarudi lini.

Himyar


Mwera, Pangani
17 Aprili 2025

Himyar,

Na miye nilikudanganya. Simu haikuwahi kukaa kabatini, na mama hajawahi kuiwasha, naona ulilijua ukanistahi. Ilikuwa chini ya mto wangu. Kila tarehe kumi na tano niliamka alfajiri nikaiwasha, nikaiweka mapajani, nikaingoja. Nilipokuandikia umwondoe nilikuwa nimeshaisoma ile ya surua mpaka naijua kwa moyo. Ilikuwa inanichoma na nilikuwa naingoja, yote mawili kwa pamoja. Huku hakuna mwingine aliyekuwa akiniita Mama Ghadir.

Juzi nikaiwasha tena. Nilijua haiji, nilikuelekeza mwenyewe namna ya kuizuia. Nimeingoja hata hivyo. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Ikaingia moja, moyo ukanilipuka, kumbe watu wa simu wananiuzia bando. Nilikaa nayo mpaka mama aliponiita kula. Nililia kupita siku ya maziko. Siku ile nilikuwa na watu wa kunishika.

Usizirudishe meseji. Nasema hivi kwa sababu leo asubuhi nilishakuandikia barua nyingine ya kukuomba uzirudishe, nikaichana. Na kwenye kiti kile usikae tena. Kampe Mzee Tahiri, au kitoe nje. Nitakuja, nadhani, siku moja na Kombo juu ya nazi zake. Tarehe sikupi kwa sababu sina.

Jana nilichukua kadi ya Ghadir nikaenda zahanati ya hapa, bila kukumbushwa na mtu. Sijui nilikuwa nafuata nini. Nikakaa kwenye benchi na wenye watoto wao. Mwenzangu mmoja akanipa wake nimshikie ajifunge kanga vizuri, nikamshika. Alikuwa mzito, wa kike, mate tele. Nikamrudishia na zamu yangu ikafika. Muuguzi akapokea kadi, akaisoma, akatazama mgongoni kwangu, akatazama mlangoni kama kuna aliyembeba huko nje. Akaniuliza, "Ghadir yupo?"

Tangu Oktoba hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia, hayupo.

Mama Ghadir